Gitaa la Nyuzi Sita

Kwenye Hiace ya kutoka Butiama, kiti cha mbele yangu, Chrispin, mwalimu wa kwaya, alipakata gitaa la bei chee aliloachiwa alijaribu. Muuzaji alikuwa anamsubiri stendi ya Bweri, alipie au arudishe. Akamgeukia jirani yake, mzee mpigaji wa litungu, ile ala ya nyuzi ya asili. "Mzee wangu, hili lina tundu la kuchomeka spika, ila kanisani kwetu hatuna umeme. Litasikika kweli?"

Mzee alihesabu nyuzi mara mbili. "Sita tu? Litungu langu linakuwaga na nane. Umepunjwa."

"Magitaa yote ni sita, mzee."

"Yote umeyahesabu?"

Chrispin akaanza kuhesabu nyuzi upya. Nami nikazihesabu kwa nyuma, maana sijawahi kuhesabu za gitaa hata moja.

Gari liliposimama, muuzaji alichungulia dirishani. "Vipi mwalimu, unalichukua?"

"Subiri kwanza," akasema Chrispin. "Zile mbili ziko wapi?"