Vyura wa Asajile Wamegoma Kuruka

Mwaka wa tisini na saba, ukitaka ushauri wa bure mjini Kyela ulikwenda kwenye benchi la Hamza muuza kahawa, mkabala na stendi. Ubaya wake, wakaao hapo walishauri hata wasiyoyajua. Asubuhi hiyo Asajile alifika na ndoo imefunikwa kanga, akaketi kwa uzito. Tangu apunguzwe kazi kwenye ushirika alikuwa akifuga vyura huko Ikolo, kwenye bwawa alilochimba katika jaruba la mpunga la mkewe Neema, awauze kwa hoteli moja ya Mbeya yenye wageni wala vyura. Alianza na vyura mia mbili; jana kawahesabu, wamebaki arobaini, wanene kama mandazi. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Wasipouzika, Neema kaapa kufukia bwawa apande mpunga wake, na Neema akiapa huwa hatanii.

Asajile akafunua ndoo. Chura alikaa tu, tumbo limemwagika huku na huku.

— Kavimbiwa huyu, alisema Eliud, waliyemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuchanja kuku. Unawapa nini?

— Chakula cha kuku wa broila. Cha kiwandani kabisa, gunia lina picha ya jogoo.

— Basi ndiyo hiyo! Kina dawa ya kukuza mapaja. Nyama inakimbia, mifupa inabaki nyuma. Atarukaje?

— Acha kumtisha mwenzio, alidakia Muksini, ambaye kwa safari zake za mpakani Kasumulu aliitwa Forodha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chura asiyetembea ndiye chura mwema.

— Na mia moja na sitini waliopotea je? aliuliza Asajile. Wameibwa?

— Nani aibe chura Kyela hii? Wamevuka Mto Songwe kuingia Malawi hao! alijibu Forodha. Tangu soko huria, hata chura anafuata bei nzuri.

— Huyu ndoo tu imemshinda, ndiyo avuke mto? alipinga Daktari.

— Waliovuka ni wembamba, bwana! Ndiyo maana umebakiwa na vibonge.

Asajile aliona maneno hayo yanaingia akilini, na hilo likamtia hofu zaidi.

— Mimi nasema wameyeyuka, alisema Daktari, hataki kushindwa. Chakula cha broila kina muda wake. Wiki nane zikitimia, mwili unajua siku imefika. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini tena? aliuliza Forodha.

— Cha maji!

Wakati huo Angetile, mama mmoja kutoka Busale aliyekuwa akiwasikia tangu ng'ambo ya barabara, alitua kapu lake la mchele apumzike. Wakamwamkia, wakampisha, Hamza akampa kikombe.

— Ndaga, baba, alimshukuru kwa Kinyakyusa. Akachungulia ndoo. Mwanangu, umewaona wakikimeza hicho chakula?

— Nawamwagia kila asubuhi, mama.

— Sijauliza kumwaga.

Asajile alikumbuka punje za jana zikielea, na za juzi zimeota ukungu ukingoni.

— Zinabaki, alikiri. Zinabaki... zote.

— Chura hali kitu kisichotikisika, mwanangu. Sasa hawa arobaini wamenenepeshwa na nini?

Hamza akasahau kumimina. Asajile akawaza wale wembamba mia moja na sitini, kisha matumbo ya vibonge arobaini. Akanyakua ndoo bila hata kuaga, akatoka mbio kuelekea Ikolo kuwatenganisha waliobaki, kabla Jumamosi haijamkuta na chura mmoja tu, mkubwa kama mbuzi.