Marehemu Joëlle Feza, Aliyetafuta Jiwe la Kweli

Baba na mama, ndugu mliovuka mto Lualaba asubuhi hii kuja kulia nasi, na majirani wa Alunguli ambao hamkutuacha tangu juzi, familia inaomba mtege masikio, kwa sababu ndani ya historia ya mtoto wetu kuna neno moja ambalo mama yake ameamuru lisomwe, na anayewasomea, mjomba wake Florentin, alikataa kwanza, lakini mnamjua dada yake, akishasema amesema.

Joëlle Feza Soudi alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapa Kindu, mtoto wa kwanza wa marehemu Soudi, fundi wa reli, na wa mama Germaine mnayemwona pale mbele, na alikuwa na mdogo mmoja tu, Destin, aliyezaliwa mwaka 1993. Mwaka huo huo Joëlle alianza shule ya msingi hapa hapa Alunguli, mtoto mbishi, loo, mwalimu akisema jambo lazima aulize limetoka wapi, hata baba yake akampa jina la Juge, yaani hakimu, na walimu wakamwonea huruma baba huyo.

Vita vilipoingia Kindu mwezi wa Oktoba 1998, treni ilisimama, frigo za hospitali zilizotunza chanjo zikazimika kwa kukosa mazout ya jenereta, na mbwa ambao wenye kuwafuga walikimbia ama walikufa wakawa wanarudi kutoka porini wamenona, kila mtu akijua wamenona kwa kula nini. Tarehe 9 Februari 2002 mmoja wa mbwa hao alimng'ata Destin mguuni mbele ya nyumba, na mama Germaine akafanya kama mama yeyote wa hapa, alikimbia kwa jirani kuazima jiwe jeusi, lile la kuvuta sumu ya nyoka, akalibandika juu ya kidonda bila kukiosha, maana jiwe linataka damu ndipo lishike, na Joëlle akapewa kazi ya kuushika mguu usitikisike. Mtoto alikuwa akimwambia dada yake, "Ya Joëlle, inanivuta," na wote wakafurahi kwamba inavuta. Jiwe lilipoanguka lenyewe lilichemshwa, likarudishwa kwa mwenyewe, na kidonda kikafunga vizuri.

Ilipofika katikati ya Machi kovu lile likaanza kumwasha, homa ikafuata, kisha akawa anaomba maji, na kikombe kikikaribia mdomo koo linamkaba, anakisukuma, analia, anaomba tena, ndani ya nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaona mto wote. Alikufa tarehe 27 Machi 2002. Tangu hapo Joëlle hakunywa maji mbele ya mtu, aligeukia ukuta kwanza, na sisi tulimtania kwamba ni maringo ya msichana, kumbe alikuwa bado anamsikia mtoto akiomba.

Alipata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 2006, akaenda Kisangani kusoma biolojia, na huko, katika mwaka wa kwanza, alijifunza jambo ambalo angeomba asilijue, kwamba kidonda cha mbwa kikioshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi, kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya virusi inakufa na kuondoka kabla haijashika mshipa wa fahamu. Sabuni, wapendwa! Mama Germaine alikuwa mpishi wa sabuni ya mawese, ndiyo iliyotulisha wakati wote wa vita, na siku ile ya mbwa vipande vilikuwa vinakauka chini ya kitanda alicholazwa Destin. Joëlle alirudi likizo, akatazama chini ya kitanda kile, akamtazama mama yake, akala chakula, na akaapa moyoni kwamba mama huyu hatajua kamwe.

Ndipo alipoanza kutafuta dawa ambayo haikuwepo, ili siku moja aweze kumwambia mama, bila kutetemeka, kwamba mwaka 2002 hakukuwa na cha kufanya. Alifunga ndoa na Arsène tarehe 20 Julai 2013, Mungu akawapa Christelle mwaka 2014 na Rémy mwaka 2018, na katikati ya kunyonyesha alipata udaktari wa sayansi huko Ubelgiji, akarudi mwaka 2019 kufanya kazi katika maabara ya Kinshasa.

Kazi yake tulimwomba atueleze mara nyingi, na alieleza hivi, kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa kina miiba mwilini, na kwa miiba hiyo kinashika mshipa na kupanda hadi kwenye ubongo, na yeye alikuwa anachora ndani ya ordinateur, yaani kompyuta, protini ndogo, umbo lake limekatwa sawasawa na mwiba ule, iufunike, kirusi kikose pa kushikia. Tofauti na serum, sindano ya kinga anayochomwa aliyeumwa, ambayo ni ghali na inataka frigo, hii ilipaswa kuvumilia joto letu, iwe unga unaokaa hata kwenye kituo cha afya kisicho na umeme. Wajomba tukacheka, tukaiita jiwe la ordinateur, naye hakucheka, akasema ndiyo, ila hili linapaswa kushika kweli. Maumbo maelfu yalipendeza kwenye kioo cha mashine, na yalipotengenezwa na kutiwa ndani ya chupa hayakushika kitu, na kila umbo lilipoachia, alimwambia mume wake, alihisi mguu wa mtoto mikononi mwake, wa moto, ukitetemeka.

Mwezi wa Agosti 2024 waganga wa hospitali waligundua kansa ya titi, akafanyiwa operesheni, akarudi kazini na kitambaa kichwani, na Machi mwaka huu umbo moja likashika, kwanza ndani ya chupa, halafu kwa panya walioambukizwa, nao wakabaki hai. Kwa watu bado halijajaribiwa. Kansa ilipomrudia, Julai aliomba aletwe Kindu, na hapo kitandani alimwambia mama yake, "Mama, dawa ya Destin haikuwepo, sasa njo imepatikana," mama akajibu, "Asante, mwanangu," na Joëlle akalala usingizi mzuri. Kisha akamwita mjomba wake, akamfungulia habari ya sabuni, akamwapisha asiseme. Alitutoka tarehe 3 Septemba 2025, akiwa na miaka thelathini na minane.

Jana Florentin alikaa kuandika historia hii, akafika hapo akakwama, na dada yake, mama Germaine, akamwuliza, "Umefika kwa sabuni?" Alijua. Alijua tangu mwaka 2005, wauguzi walipopita kanisani kufundisha juu ya mbwa, na ndiyo maana mwaka ule aliacha kupika sabuni, akatuambia moshi unamsumbua kifua, sisi wote tukaamini. Alinyamaza ili binti yake asijue kwamba anajua, na ule uongo wa kitandani aliupokea kwa mikono miwili, maana aliona mtoto ameutumikia maisha yake yote. Kisha akasema, "Andika, soma, watu wasikie, dawa ya Joëlle iko bado ndani ya chupa, mbwa wako njiani." Kwa hiyo sikieni, mkiumwa na mbwa osheni kwa sabuni na maji muda mrefu, msibandike jiwe, halafu kimbieni hospitali mkachanjwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Kinshasa na hapa, wenzake wa maabara wanaoendelea na kazi, na ninyi majirani mliochota maji, mliopika, mliokaa na mama asibaki peke yake.

Joëlle, mtoto wetu, lala kwa amani, mama yako alijua, na hakukuacha ubebe peke yako hata siku moja.