Nani Alimwua Tajiri? Kumuaga Bwana Mwero wa Wodi ya Kifua

Tarehe 31 Desemba 1958, Bwana Mwero Kavumbi, mhudumu mkuu wa wodi ya kifua katika hospitali yetu, atastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Aliingia kazini mwaka 1931 kama mfagiaji. Baadaye alibeba machela, kisha akapewa kazi ya kuchemsha sindano, na tangu mwaka 1944 amekuwa ndiye mtu wa kwanza ambaye mgonjwa wa kifua humwona afunguapo macho.

Wenzake wanamjua kwa mwendo wake wa taratibu na kwa shuka anazozitandika bila kunyanzi hata moja. Wanamjua pia kwa ile baiskeli aliyokabidhiwa na hospitali baada ya vita. Kwa muda wa mwaka mzima aliikokota kando yake kwenda na kurudi Msambweni, akiiegemeza kwa adabu kila aliposimama kuamkiana na watu, kwa kuwa aliona haya kusema kwamba hajui kuipanda. Mkewe, Bi Biasha, ndiye aliyetoboa siri hiyo, na hadi leo hajatakiwa kuomba radhi wala hajaiomba.

Lakini jambo ambalo wagonjwa wetu watalikumbuka ni vitabu. Mwaka 1949 mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba Diani alirudi kwao, akatuachia sanduku la vitabu kwa ajili ya wagonjwa. Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na vyote, isipokuwa kimoja cha ufugaji wa kuku, vilikuwa hadithi za watu waliouawa. Daktari alicheka, akaamuru sanduku liwekwe stoo. Bwana Mwero, aliyekuwa amekipata Kiingereza chake shuleni Waa, aliomba kwanza avitazame. Alivitazama kwa miaka tisa.

Msomaji asiyevijua vitabu vya namna hii inafaa aelezwe kidogo. Katika kurasa za mwanzo mtu hukutwa amekufa, mara nyingi katika nyumba kubwa ya shamba. Waliomo nyumbani ni wachache, na kila mmoja ana sababu ya kumtakia marehemu mabaya. Askari huja, hupima nyayo, humkamata asiyehusika. Ndipo hutokea mtu asiye na cheo wala bunduki, mara mwalimu, mara bibi mtunza maua, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali madogo na kusikiliza. Mwishowe huwakusanya wote katika chumba kimoja na kuonyesha ni nani aliyeua. Kuna sharti moja: mwandishi haruhusiwi kumficha msomaji dalili yoyote. Kila kitu kimewekwa wazi mbele yake, na bado haoni.

Bwana Mwero alisimulia hadithi hizo kwa Kiswahili katika saa ya kupumzika, baada ya chakula cha mchana, wakati mapazia meupe yanapojaa upepo na kutulia, yakijaa tena, kama kwamba wodi nayo inafundishwa kupumua. Wagonjwa walilala chali, macho yamefumbwa nusu. Ukungu wa Uingereza ulikuwa ukungu wa milima ya Shimba alfajiri. Theluji ilikuwa sufi, maganda yake yapasukapo ikapeperuka uani bila sauti. Watu ambao hawakuwahi kufika hata Tanga walitembea katika bustani zile, wakasikia kengele ya chai, wakaona mshumaa ukipita dirishani, wasijue ni ndoto au ni hadithi.

Mwanzoni walimsumbua. "Kurasa zote hizo za nini?" aliuliza Fundi Abdurahman, mshonaji wa Vanga, mwenye kitanda cha karibu na mlango. "Si wangekwenda kwa mganga, ramli ikapigwa, mambo yakaisha kabla ya adhuhuri?" Bwana Mwero alijibu kwamba katika nchi ile waganga wa ramli ni haba, ndiyo sababu watu wanalazimika kufikiri. Wodi ilicheka, na kila aliyecheka akamalizia kwa kukohoa, kama ilivyokuwa desturi ya wodi ile.

Kisha akaleta sheria yake. Sote tumekua tukitegeana vitendawili, na tunajua kwamba aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Bwana Mwero alifanya vivyo hivyo. Alipofika karibu na mwisho alikifunga kitabu na kusema, "Haya, nipeni mji." Na kwa kuwa kitendawili kilitegwa kwa wodi nzima, mji ulitakiwa utolewe na wodi nzima. Akikataa mmoja, jibu halisemwi. Alipewa Vanga, akaikataa kwa kuwa wali wake amekwisha kuula. Alipewa Mombasa mara nyingi mno, hata akasema hana tena pa kuiweka.

Mwaka 1953 aliletwa mfugaji mmoja kutoka upande wa Kinango, jina lake Chome. Alikuwa mtu mkavu, mrefu kuliko kitanda chake, na ugonjwa ulikuwa umemla sana. Daktari alimweleza wazi: sindano ni za miezi mingi, na akiondoka kabla hazijaisha maradhi yatamrudia, yatamwua, na huenda yakaingia katika vifua vya watoto wake. Chome alisikiliza kwa heshima. Kisha akafunga nguo zake katika bahasha ya kitambaa na kuiweka chini ya kitanda. Kwao mvua zilikuwa zimekataa, na ng'ombe wake walikuwa mikononi mwa mke. Alisema atasikia mwisho wa hadithi iliyokuwa imeanza, halafu atakwenda zake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya tajiri aliyekutwa amekufa chumbani asubuhi ya theluji, kikombe cha maziwa kando yake. Nyumbani mlikuwa na mkewe, mpwa wake, wakili, daktari, mpishi, mtunza bustani na mkamuaji wa ng'ombe. Askari walimshika mpwa. Aliyekuwa na shaka ni mpiga kinanda wa kanisa, mtu mfupi asiyeona vizuri lakini mwenye masikio mema. Fundi Abdurahman aliamua siku ya kwanza. "Ni wakili. Mtu anayelipwa kusema hakosi jambo."

Siku ya tatu Chome aliinuka kwa kiwiko. "Asubuhi ile ng'ombe walikuwaje?"

Bwana Mwero alirudi nyuma kurasa kadhaa. Iliandikwa, katikati ya maneno mengine, kwamba ng'ombe walikuwa wakilia zizini.

"Wanalia kwa kuwa viwele vimejaa," alisema Chome. "Mkamuaji hakuwakamua. Alikuwa wapi? Ni yeye."

Ilikuwa kweli. Kitabu kizima kilisimama juu ya mlio ule wa ng'ombe.

Hapa inafaa tumwelewe Bwana Mwero. Ni mtu asiyesema uongo hata kwa mtoto anayeuliza kama sindano itauma. Akisema "umepata", kesho yake kitanda kile kingekuwa kitupu. Akisema "umekosa", angekuwa amedanganya. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Jina umelitaja. Lakini katika vitabu hivi jina si jibu. Anayemnyooshea mmoja kidole lazima kwanza awasafishe wale sita, mbele ya watu wote, kila mmoja kwa ushahidi wake."

 Chome alikuwa mtu wa baraza la wazee, na barazani kwao mtu hashtaki mmoja akawaacha wengine na doa. Aliona kwamba neno ni la haki. Akalala tena.

Wenzake ndio waliotaabika. Walitaka kutoa mji wapumzike. "We Chome, toa hata Kinango!" alilia Fundi Abdurahman. "Mji wenyewe vumbi tupu!"

"Ni vumbi, lakini ni vumbi langu. Sitoi."

Basi wodi ikangoja. Wiki moja Chome alimsafisha mpishi. Wiki mbili zikapita bila kumsafisha mtu. Kila alasiri Bwana Mwero alimsomea tena ukurasa alioutaka, na nyumba ile ya theluji ikawazoea, wakajua ngazi ipi inalia na mlango upi haufungi. Wengine walisema wanaiota. Na kila asubuhi, kabla ya kusafisha mtu yeyote, Chome alichomwa sindano yake.

Kiangazi kilipozidi, mkewe Dama alifika kwa miguu na lori, vumbi hadi nyusini. Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa. Chome aliivuta bahasha kutoka chini ya kitanda. Bwana Mwero hakumzuia. Alisimama tu kando. Ni Dama aliyekaa juu ya bahasha ile.

"Baba Sidi, ng'ombe nimewapeleka kwa mjomba. Watakaokufa watakufa, uwepo usiwepo. Wangapi kwetu walitoroka hospitali? Nikuonyeshe makaburi yao?" Kisha akageuka. "Nasikia kuna tajiri ameuawa. Nani alimwua?"

Wodi nzima ilipiga kelele, na kila mtu akataja mtu wake.

Walikuwa wamebaki watatu wa kusafishwa, naye Chome akawamaliza. Siku daktari alipotangaza kwamba kifua chake ni safi, Chome aliomba vitanda vivutwe mviringo. Aliwasafisha wote sita mmoja baada ya mwingine, akimwacha wakili wa mwisho ili kumkomesha Fundi. Kisha akamtaja mkamuaji, na Bwana Mwero akasoma ukurasa wa mwisho, na ikawa ndivyo.

"Mzee Mwero," alisema Chome polepole, "uliniweka hapa."

"Nilikuweka."

"Tangu siku ile ya ng'ombe kulia."

"Tangu siku ile."

Chome akaanza kucheka. Alicheka hata ikabidi akae kitandani, na wodi ikanyamaza kumsikiliza, kwa kuwa walikijua kinachofuata kicheko. Kicheko kiliisha. Hakikufuata kitu. Mapazia yalijaa upepo, yakatulia.

Mwezi uliopita Chome alirudi kwetu, mnene kiasi, akimleta ndugu yake Baya anayekohoa. Hakuitwa na mtu. Alimkalisha kitandani, na alipomwona ameikazia macho bahasha yake, akaanza kumsimulia habari ya mfugaji aliyekutwa amekufa kisimani wakati wa ukame, na watu watano waliokuwa na kiu. Hadithi hiyo haimo katika kitabu chochote. Bwana Mwero alikuwa akienda kukabidhi funguo za stoo. Alisimama mlangoni, funguo mkononi, akasikiliza hadi kengele ya chai ikapigwa, na alipoulizwa ni nani aliyeua, alikiri kwamba hajui. Ameomba ruhusa ya kuja alasiri hadi hadithi itakapokwisha, na ruhusa amepewa.

Bwana Mwero, kwa niaba ya wafanyakazi wote na ya kila aliyewahi kulala katika wodi yako, tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akujaalie wewe na Bi Biasha afya, utulivu na alasiri ndefu zenye upepo. Ishi vyema, na ukifika alasiri kusikiliza, keti: kitanda cha karibu na mlango hakina mtu.