Kitambaa Juu ya Mashine

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mhandisi Shigela Ndalahwa anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Ofisi yetu ya vifaa tiba inamuaga kwa heshima, na bila mrithi.

Alianza kama fundi wa mashine za maabara hapa Mwanza. Wakati huo damu ya mgonjwa wa ng'ambo ya ziwa ilipanda kivuko cha Kamanga, ikapimwa mjini, na majibu yakarudi mgonjwa akiwa ameshaondoka, mara nyingine ameshazikwa. Zilipokuja mashine ndogo za kupima mgonjwa palepale alipo, wengi tulidhani tatizo limekwisha. Shigela alikataa. Kwake, mashine ilikuwa kiungo kimoja tu. Kipimo ni pamoja na kivuko, barafu ya kutunzia vitendanishi, yaani dawa za kupimia, betri ya umeme wa jua, na muuguzi ambaye peke yake anazalisha, anachanja na kupima. Huo ndio uhandisi wa mifumo aliotufundisha: kimoja kikilegea, mgonjwa hapati jibu.

Tunakumbuka kwa kicheko mashine za kwanza zilivyozimika ovyo. Ofisini sote tulilaumu betri. Shigela akavuka kwenda Sengerema, akakuta muuguzi Amondi ameifunika yake kwa kitambaa cha kufuma hadi chini, kama redio ya sebuleni, joto halina pa kutokea. "Sasa Mhandisi, kitu cha thamani hivi nikiache uchi?" Amondi alimshangaa. Shigela hakumgombeza. Alimwomba afume kingine kifupi, kisichofika kwenye matundu ya hewa, kisha akapeleka vya namna hiyo zahanati zote. Mashine zikatulia. Mama mjamzito akawa anajua hali ya damu yake kabla hajainuka kitini.

Mradi uliotuletea mashine hizo uliisha mwaka juzi, na vitendanishi vikaacha kuvuka. Shigela aliandika, akapiga simu, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu hadi walinzi wakamzoea. Hakuna kilichokuja.

Mwezi uliopita alikwenda kumuaga Amondi. Damu inapanda kivuko tena. Juu ya mashine kimerudi kile kitambaa cha zamani, kirefu, hadi chini. Safari hii Shigela hakukiondoa, kwani hakuna joto la kutoka. Alikinyoosha pembe tu.

Mhandisi, asante kwa majibu yote yaliyowahi. Nenda nyumbani Usagara ukapumzike, na maisha yako yawe mema kuliko haya unayotuachia.