Chambo Kinachokwenda Kushoto

Ijumaa alasiri walikuwa walewale, kwenye benchi nje ya duka la kinyozi la Kuldip, Saltley, Uingereza, thamosi ya kahawa katikati yao. Palikuwa na Injinia, yaani Njoroge Karanja, Mkenya anayetunza wazee na ambaye hajajenga hata kibanda cha kuku. Palikuwa na Maître, yaani Lionel Bahati wa Bukavu, dereva wa teksi aliyeshindwa kesi ya kuegesha gari na tangu siku hiyo akawa mwanasheria. Mzee Gustave Mulenda hakuwaita hivyo. Kwake mtu alikuwa na jina lake kamili. Alishika koleo mkono mmoja, na mkono wa pili samaki wa mbao wa urefu wa kidole: chambo cha marehemu Shantilal Vaghela, mwenzake wa kuvua kwenye mfereji wa mashua, alichopewa Gustave na mjane baada ya mazishi. Ukikivuta majini hakiji sawasawa. Kinakatisha kushoto kuifuata mashua iliyofungwa ukingoni. Pete ya puani, panapofungwa mshipi, ilikuwa imelala upande. Gustave alitaka kuinyoosha. Ila waya ulikuwa umechoka. Ukikatika, chambo kingine cha Shantilal hakuna.

— Nyoosha tu, mzee, alisema Njoroge. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyu ni wa mbao, Njoroge Karanja.

— Ndiyo maana umechelewa!

— Mais non, papa Gustave, usiguse, alisema Lionel. Chambo ilitengenezwa hapa Uingereza, na hapa kila kitu kinapita kushoto. Sisi kwetu tunapita kulia. Ukiipeleka Bukavu, itanyooka yenyewe.

— Ai, Maître! Kenya pia tunaendesha kushoto, na samaki wetu wako straight. Hiyo ni sumaku. Boti ni chuma, ndoana ni chuma. Hata simu yangu ikipita pale inapoteza network.

— Simu yako inapoteza network hata kanisani, saa ya sadaka.

— Tuheshimiane, bwana. Basi ni jicho. La kushoto limechorwa kubwa, na kiumbe huenda kinakotazama.

Gustave alikigeuza chambo. Macho yalikuwa sawa. Akaibana pete kwa koleo.

Pembeni alisimama Magdalene Wairimu, muuguzi ambaye hawakuwahi kumwona pale, akimsubiri mumewe anyolewe; kisa cha marehemu na chambo chake alikuwa amekisikia chote.

— Samahani, mzee. Huyo rafiki yako alikuwa anakaa upande gani?

Njoroge akamtazama Lionel. Lionel akatazama ndani ya kikombe chake. Miaka yote hiyo, hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kufika mferejini, wala simu ya Njoroge.

Gustave bado aliibana pete. Akilini aliuona ukingo wa mfereji: viti viwili vya kukunja, chake kulia, cha Shantilal kushoto, ubavuni mwa mashua. Samaki wakubwa walijificha chini ya ile mashua, na Shantilal aliwatoa huko mmoja mmoja, maji yote ya wazi akimwachia mwenzake. Mishipi yao haikuwahi kusokotana. Gustave alidhani ni bahati; kumbe Shantilal aliilaza ile pete makusudi. Tangu msiba alikuwa akikaa palepale pake, kulia, na ile nafasi ya kushoto hakuigusa.

Akalegeza koleo, akalitia mfukoni.

— Sasa inakuwaje? aliuliza Lionel, akitikisa thamosi. Ilikuwa tupu.

— Kesho nitakaa kushoto.

— Na mimi nikija? aliuliza Njoroge.

— Wewe, Njoroge Karanja, utakaa kulia. Na sumaku yako uiache nyumbani.