Jina la Katungu Jemima Litaitwa Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko na kiti, kaa. Kama uko kwenye pikipiki, mwambie dereva aende polepole, maana mimi leo sina haraka na sina nguvu ya kupaza sauti.

Tunamkumbuka mama mmoja wa Mulekera, hapa Beni. Jina lake Katungu Jemima. Alifariki Jumapili asubuhi, tension, presha ya damu, ilipanda akiwa anavaa kwenda kanisani. Tulimzika jana, Jumanne. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Hakuwa mtu mkubwa. Hakuna barabara itakayopewa jina lake. Kwa miaka minne aliomba kitu kimoja tu kwa kamati ya ujenzi: ajenge nyumba ya mita sita kwa upana, mahali ambapo sheria inamruhusu mita tatu. Mita sita badala ya mita tatu. Nitarudia hizo namba, msichoke. Yeye alizirudia miaka minne.

Katungu Jemima alizaliwa karibu na Alimbongo, kule juu kwenye baridi, katika familia ya wakulima wa viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani. Jembe alilijua kabla ya kalamu. Aliolewa na Éphraïm, mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Waprotestanti. Walikaa Butembo miaka kumi na miwili, yeye akiuza kabeji sokoni, mume akifundisha watu kuimba sauti ya tatu. Mwaka 2009 wakanunua kiwanja hapa Mulekera. Mita kumi na nne mbele, mita ishirini kwenda nyuma. Wakajenga nyumba ya mbao na mabati ya tôle, kama wote tunavyoanza.

Éphraïm alikuwa mtu wa matofali. Kila alipopata nafasi alileta matofali machache ya kuchoma, akayapanga nyuma ya nyumba, akayafunika na bâche, yaani turubai. Mkewe akimuuliza nyumba itajengwa lini, anajibu, "Matofali haioze, mama." Akafa mwaka 2016. Matofali yakabaki, yakaota majani.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo jambo linaanza.

Mwaka 2020 mdogo wake Katungu, Onésime, alikimbia vita kijijini. Alifika kwa dada yake na mke, watoto saba, na sufuria mbili. Mwezi mmoja walilala wote pamoja. Kisha Katungu akachukua kamba, akapima kiwanja chake mbele ya majirani, akasema, "Mita saba zako, mita saba zangu. Jenga." Hakuna karatasi. Dada na ndugu yake, nani anaandika karatasi?

Mita saba zikabaki. Ndani ya nyumba yake ya mbao kulikuwa na watu tisa: yeye, binti yake Bénite ambaye ni mjane, na wajukuu saba. Mbao zinaliwa na mchwa. Matofali ya Éphraïm yako pale pale, yanangoja. Mama akaenda bureau kuomba ruhusa ya kujenga. Ofisi sitaitaja, anayeijua anaijua.

Kule akakutana na Mukendi. Mukendi ni mtu wa Kasai, serikali ilimtuma huku, anaongoza kamati hiyo. Akamweleza: kila upande wa nyumba unaacha mita mbili wazi. Saba, toa nne, inabaki tatu.

Katungu akacheka. Nilikuwepo siku hiyo, nilitumwa na redio. Akasema, "Chef, nyumba ya mita tatu? Hiyo hapana nyumba. Hiyo ni sanduku ya maiti yenye kuwa na mulango."

Bureau nzima ikacheka. Mukendi naye akacheka. Kisha akasema, "Mama, loi ni loi, sheria ni sheria. Mais unaweza omba dérogation."

Dérogation, wasikilizaji, ni ruhusa ya pekee. Unaomba ujenge pale sheria inakataza, kwa sababu huna pengine. Katungu aliomba hivi: upande wa Onésime asiache kitu, Onésime alikubali. Upande wa jirani aache mita moja. Hapo anapata mita sita. Na kama kamati ingekataa, basi hivi: nyumba ya mbao ikianguka, haruhusiwi kusimamisha nyingine. Watu tisa wanatoka. Waende wapi? Kijijini hakurudiki.

Kamati inakaa Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Mnakaa kwenye mabenchi mpaka saa nane, saa tisa. Katibu anaita jina mara tatu. Usipojibu, dosie, yaani faili lako, inafungwa. Ikifungwa, unaanza upya: barua mpya, mchoro mpya, sahihi za majirani, na kungoja zamu. Zamu ni karibu mwaka mzima.

Mara ya kwanza Katungu alijibu jina lake, lakini mpima viwanja hakufika. Wakaahirisha.

Mara ya pili akasimama jirani. Jina lake Kamate Jean-de-Dieu, seremala. Watu wa Mulekera, milango yenu mingi alitengeneza yeye. Karakana yake ilikuwa ukutani pale pale kwa Katungu, kati yao uzio wa mabanzi aliopigilia mwenyewe. Akasema, "Mimi sikatale mama ajenge. Mimi nakatala maji. Mvua itatoka kwa tôle yake, itaingia kwa mbao zangu."

Katungu akamwita kwa jina la mwanawe, akasema, "Baba Éliakim, mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu, mais tôle ni yako!"

"Nitaweka gouttière, mfereji wa kuchukua maji."

"Gouttière itajaa majani ya avocat yako. Nani atapanda kuyatoa? Wewe na magoti yako?"

Mukendi akapiga meza. Dosie ikarudishwa.

Katungu akaenda nyumbani akaukata mparachichi wake. Mti mkubwa, wenye kuzaa. Mara ya tatu akafika mbele ya kamati akasema, "Avocat sasa hakuna." Kamate akasimama tena. Akasema, "Na kivuli changu? Sasa nafanya kazi kwa jua, nani alimwambia akate?"

Mnacheka. Sisi pia tulicheka. Lakini mama yule alikuwa amekata mti uliokuwa unalisha wajukuu wake, na alirudi nyumbani na mita tatu zake.

Nisiseme vibaya juu ya marehemu Kamate. Maji yaliingia kweli, niliona mbao zake zimevimba. Na nje ya kamati hawa wawili waliishi kama majirani. Alimtengenezea Katungu kitanda. Katungu alimpelekea ugali mkewe alipojifungua. Alhamisi tu ndiyo ilikuwa mbaya.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Kamate akafa. Ghafla, karakanani.

Hapa nina neno langu la kusema. Matangazo ya vifo yanasomwa hapa redioni, mnajua. Matangazo ya kamati pia. Jioni ile nilisoma tangazo la kifo: Kamate Jean-de-Dieu, mazishi Alhamisi asubuhi. Chini yake, kwenye karatasi ile ile, nikasoma tangazo la kamati: Alhamisi saa tatu, wafuatao wafike, na wa nne alikuwa Katungu Jemima. Niliyasoma yote mawili, moja nyuma ya lingine, kwa sauti hii hii. Sikuona kitu. Ningepiga simu kwa Mukendi, angesogeza siku. Sikupiga.

Kwenye avenue yetu, wafiwa hawapiki. Moto wa kupikia matanga unawaka kwa jirani wa karibu, na mwenye moto hauachi mpaka watu watoke makaburini na wale. Jirani wa karibu wa Kamate alikuwa nani? Alikuwa Katungu.

Asubuhi ile Bénite alimwambia, "Mama, leo ni kamati. Mutu wa kukukatalia hapana tena. Enda, mimi nitabaki na moto."

Bénite alinieleza jibu la mama yake, na nimeliandika ili nisikosee. "Niende kushindana na maiti? Batu batasema nimefurahi. Batasema, tazama, bado hawajamufunika, ye anakimbia kutafuta ukuta. Hapana, Bénite. Leta ndizi tumenye."

Akamenya ndizi. Saa tano katibu akaita jina lake mara tatu. Kamati nzima ilimjua, miaka mitatu walimwona. Hakuna aliyejibu. Dosie ikafungwa.

Lilikuwa kosa? Kwa karatasi, ndiyo. Mimi mwenyewe nilimlaumu usoni. Nilimwambia, "Mama, ulikuwa na mita sita mukononi, ukaziacha kwa sababu ya sufuria."

Akaniambia, "Na wewe siku yako ikifika, utataka nani akupikie batu? Mukendi?"



Akaanza upya. Barua, mchoro, sahihi. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikwenda kwa Éliakim, mwana wa Kamate, ambaye sasa ndiye mwenye karakana. Alikwenda na kalamu na woga. Éliakim hakusoma hata karatasi. Alisema, "Mama, siku ya baba niliona moshi yako kutoka asubuhi mpaka jioni. Niweke sahihi wapi?" Katungu akamwambia asome kwanza, maana baba yake angesoma. Akasoma, akaweka.

Tena safari hii mama aliandika barua ya kumpa Bénite ruhusa ya kujibu mahali pake, kama yeye akikosa kufika. Alisema moto wa matanga hautamkamata mara ya pili.

Siku ikapangwa. Alhamisi hii. Kesho, wasikilizaji.

Na Jumapili akafa.

Jumatatu watu walianza kufika kwenye matanga. Kutoka Ruwenzori, kutoka Butembo, wengine kutoka Alimbongo wakiwa na viazi. Bâche ya kanisa ni pana, kiwanja ni mita saba. Haikuenea. Waimbaji wa kwaya walisimama barabarani, pikipiki zinawapigia honi. Wazee walikaa juu ya matofali ya Éphraïm, hiyo ndiyo kazi ya kwanza matofali yale yamefanya tangu yaletwe. Éliakim akatazama, akaingia karakanani, akatoka na nyundo. Hakuuliza mtu. Akang'oa uzio. Misumari ambayo baba yake alipigilia kwa siku mbili ilitoka kwa nusu saa. Bâche ikafunguliwa yote, nusu kwa Katungu, nusu kwa Kamate. Na moto wa kupikia uliwaka kwa mjane wa Kamate. Hakuna aliyempangia.

Mukendi alikuja pia, jana mchana, na koti lake la kazi. Akakaa mwisho wa benchi. Nilimfuata, nikamuuliza mbele ya watu, maana mimi sijui kuuliza kwa kuzunguka: "Chef, barua ya Bénite bado inafanya kazi? Aliyeiandika amekufa."

Akasema, "Sijui. Karatasi inasema mutu wa familia anaweza jibu. Haiseme kitu juu ya kufa."

"Donc, basi?"

"Donc kuko bantu batatu kwa kamati, mimi ni mumoja. Bangine batasema dosie inakufa na mwenyewe." Akafuta uso. "Mais anayeita jina ni katibu wangu. Kesho kutwa nitamunyanganya ile karatasi. Jina nitaita mimi. Nitaita polepole."

Hilo ndilo nililopata kutoka kwa serikali, wasikilizaji wapendwa. Ataita polepole. Sijui kama linatosha. Nimechoka kujua.

Kwa Bénite na watoto saba, kwa Onésime na nyumba yake, kwa familia yote ya Alimbongo na Butembo, redio hii inawapa pole. Mungu awashike. Kwa Mama Éliakim na Éliakim: wasingya, asanteni. Tumeona moto wenu.

Na wewe unayesikiliza, uko na jirani. Kuna uzio kati yenu, ao mfereji, ao mti. Labda uko na haki, Kamate pia alikuwa na haki. Mtazame tu leo jioni, ujiulize ni nani atakayewasha moto kwako.

Nilisoma matangazo mawili mwaka jana bila kufikiri. Leo nasoma moja, na nimelisoma mara kumi kabla ya kuingia hapa studio. Kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwenye kamati ya ujenzi. Wa kwanza kwenye orodha: Katungu Jemima, wa Mulekera, anaomba mita sita badala ya tatu. Bénite atakuwepo na barua. Éliakim amefunga karakana, atakuwepo. Mimi pia. Mabenchi ni machache, lakini aliyekula kwa mama huyu anaweza kusimama.

Jina litaitwa mara tatu. Mara hii kuwe na watu wa kuitika.