Noti Zilizokatwa Masikio

Wakati wa mkoloni, noti zikiwa na sura ya Mfalme, benchi letu la Daraja Mbili lilikuwa mbele ya jiko la Sumari, mwuza kahawa. Jumamosi moja asubuhi, Lemburis Saruni, mfugaji wa Sakina, alitufikia akitoka benki ya posta na akiba yake yote mfukoni. Ilikuwa karo ya binti yake, Namnyaki. Kila mwezi aliitoa, akaitazama, akairudisha, kama mtu anayekwenda kukagua ng'ombe aliowaweka kwa rafiki. Siku hiyo hakuirudisha.

— Hizi si zangu, alisema, akituonyesha noti. Zangu nilizikata masikio.

Elisaria, tuliyemwita Hakimu kwa kuwa alishtakiwa mara nyingi, aliweka kikombe chini.

— Umemkata Mfalme sikio?

— Pembeni tu. Alama ya boma letu.

— Basi zako ziko Nairobi kwa wakubwa wa noti, zinatoa ushahidi dhidi yako.

Yoeli fundi cherehani, jina la kijiweni Sindano, alitikisa kichwa.

— Nairobi wapi? Lemburis, walikuongezea faida?

— Shilingi tatu.

— Basi zimezaa. Ulizoshika ni ndama, ndiyo maana hazina alama.

— Na mama zao?

— Posta wamechinja. Mbona karani amenenepa?

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Hakimu. Noti zako zinalima mkonge Tanga.

— Mimi naziweka sandukuni, chini ya kitanda, alisema Lemburis. Nitaziona kila siku.

— Sawasawa, alisema Sindano. Haba na haba hujaza kibaba. Utazitazama mpaka zijae.

Sumari alikuwa akimimina duru ya pili alipofika mkewe Lemburis, Nashipae, na kibuyu cha maziwa mgongoni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akamgeukia mumewe.

— Baba Namnyaki, kaka yako Sakaya akija jioni, akasema ana shida, na hela iko chini ya kitanda, utamwambia huna?

Lemburis alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Sindano. Sindano akaomba sukari, ingawa sote tulijua hatumii sukari.

Kwa kabila la Lemburis, kaka mkubwa hanyimwi. Hilo hata Sumari, Mmeru, alilijua.

— Posta wanafunga saa sita, alisema Nashipae.

Lemburis alisimama, akafunga kifungo cha mfuko, akashika njia ya mjini. Mkewe alimfuata nyuma kidogo, mpaka mlangoni pa posta.